Mguu wa Kulia wa Mestre

Kosa langu la kwanza Johannesburg lilikuwa kukubali kwamba najua kupiga ngoma. Niliulizwa nikiwa na pini sita mdomoni, na huo ndio utetezi pekee nilio nao mpaka leo. Mteja niliyekuwa nampima kiuno aliniuliza kama mimi ni Mrundi. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema basi ngoma naijua. Nikaitikia tena, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeshaanza kwenda chini, na kukisimamisha katikati ya safari kulihitaji ujasiri ambao sikuwa nao.

Ulikuwa mwaka 2009. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilifanya kazi kwa fundi cherehani mmoja, mama wa Kikongomani mwenye duka Jules Street, kule Malvern, katikati ya muuza simu na mziba pancha. Ushonaji nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudisha zilivyokuwa. Kila kitu nilijifunza hivyo, peke yangu, mlango umefungwa, ili asitokee mtu wa kuniona nikikosea. Pindo moja la suruali nililifumua mara tatu kabla ya kulikabidhi, na mama alikuwa akinitazama kama mtu anayetazama maji yakimwagika. "Weye," aliniambia siku moja, "utashona nguo ya maiti mpaka maiti aamke aende zake."

Kuhusu ngoma, ukweli ni huu. Nchi yangu inajulikana kwa ngoma. Watu wasioweza kuionyesha Burundi kwenye ramani wamewahi kuona wanaume wetu wamebeba magogo yale kichwani huku wakiruka. Lakini mimi ni wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, ambako magogo yale tuliyaona kama walivyoyaona wageni, siku za sherehe, kwa mbali. Madrasa walinijaribu kwenye dufu. Nilidumu Ijumaa mbili. Ustadhi aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba Mungu amenijalia kipaji cha kusikiliza.

Mteja mwenyewe alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, Mkongomani wa Kalemie, mfupi, shingo nene, tumbo likimtangulia hatua moja. Alivaa sare ya ulinzi na viatu vilivyong'arishwa vizuri kuliko kazi ilivyostahili. Alikuwa anataka suruali nyeupe kumi, pana, zenye nafasi kubwa pale kati. Mama akamuuliza nafasi ya kiasi gani. Badala ya kujibu, yule mzee alipiga hatua moja nyuma, akainama, akazungusha mguu juu ya meza ya kupigia pasi na kuurudisha chini. Hakuangusha hata kopo la chaki. Tumbo lilifuata baadaye kidogo, kwa wakati wake.

Mama alikuwa bado ameishika pasi juu, kama silaha. "Papa," akasema, "hii ni kanisa ao ni vita?"

Ilikuwa capoeira. Alitueleza akiwa amesimama, bila kuhema. Watu wawili wanaingia ndani ya duara, duara hilo linaitwa roda, na wanarushiana mateke na kukwepana huku wenzao wakiimba na kupiga makofi. Mchezo huo ulianzishwa na watumwa kule Brazili, watu waliochukuliwa Angola na Kongo. Bwana alipopita waliucheza kama dansi, na alipogeuza mgongo uliendelea kuwa vita. Yeye aliupata Luanda, alikokimbilia akiwa kijana, kwa Mbrazili mmoja aliyemfundisha miaka kumi na miwili kabla ya kumruhusu kuitwa mestre, yaani bwana wa fani. "Walivichukua kwetu bila viza," alisema, akimaanisha mateke, nyimbo, ngoma, kila kitu. "Sasa vimerudi. Vimerudi na suruali nyeupe, lakini vimerudi."

Mama alimwandikia risiti na kuanzia siku ile akamwita Papa wa Pantalo, yaani baba wa suruali. Hakuwahi kumwita Mestre. Alisema mwenye cheo hicho yuko mbinguni.

Suruali zilipokuwa tayari nilitumwa kuzipeleka Doornfontein siku ya Jumamosi. Walikuwa wanafanyia mazoezi ghorofani, juu ya karakana ya kutengeneza mafriji, ndani ya ukumbi uliokodiwa na kanisa la Wakongomani. Jumapili waliomba, Jumamosi mchana waliwaazima watu wa Mestre. Nilikuta watu kama kumi, wengi wao vijana wa Kikongo wa saluni na walinzi. Walikuwa na mama mmoja wa Kikenya aliyefanya kazi ofisi ya mahesabu Sandton. Habari ya huyu nitaitoa kwa ufupi, kwa sababu inamweleza Mestre kuliko maneno yangu. Mestre alikuwa mlinzi wa maegesho ya chini kwa chini katika jengo la ofisi yake. Asubuhi moja, Mkenya alipokuwa anatafuta pa kuegesha, alimwona mlinzi nyuma ya nguzo akiyumba kushoto na kulia, mkono mbele ya uso, kama mlevi mwenye nidhamu. Akasubiri mpaka amalize, kisha akamuuliza anafundisha wapi. Tangu hapo, Jumatatu hadi Ijumaa Mestre alimfungulia kizuizi na kumwita Madam. Jumamosi alimfokea mbele za watu kwamba anacheza kama kabati linalohamishwa. Mkenya alilipenda jambo hilo. Alisema ofisini hakuna aliyewahi kumwambia ukweli.

Nilikabidhi suruali na kuanza kushuka ngazi. Mestre akaita, "Mrundi. Ngoma iko pale."

Ningeweza kusema ukweli. Nimeirudia nafasi ile kichwani mara nyingi sana, na kila mara nasema vizuri, kwa kifupi, kwa heshima. Siku ile nilikaa nyuma ya ngoma ndefu iliyosimama kwenye kigoda cha mbao. Mestre alichukua berimbau, ule upinde wenye waya mmoja na kibuyu, akaanza kuupiga kwa kijiti. Upinde ndio unaoamuru. Ukienda polepole, wote wanacheza polepole. Ukikaza, wote wanakaza. Aliye ndani ya duara hana ruhusa ya kuupinga muziki, hata akiwa anakufa. Sheria hii niliambiwa baadaye. Wakati ule nilichosikia ni waya unaolia na damu yangu masikioni.

Ndipo nilipouona mguu. Mestre alikuwa pekupeku, na mguu wake wa kulia ulikuwa unagonga sakafu. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi, pengine aliwahi kuangushiwa kitu, kwa hiyo haukuwa mgumu kuufuata kwa macho. Mguu ukigonga, nami nagonga. Dakika kumi. Sikusikia wimbo, sikuona mchezo, sijui nani alimpiga nani. Walipomaliza Mestre alinigeukia na macho yaliyojaa machozi. "Mumeona?" aliwaambia. "Hata haangalii upinde. Anatazama chini tu. Kitu kiko kwenye damu."

Wiki iliyofuata nilianza kujifundisha kwa siri. Jules Street kulikuwa na duka la intaneti. Nilikuwa nakwenda wakati wa chakula cha mchana, navaa vipokea sauti vya kunata, naangalia video za ngoma za Brazili na kupiga vidole kwenye mapaja. Nilichora mapigo kwenye daftari, kijistari kwa pigo zito, nukta kwa jepesi. Chumbani nilipiga ndoo tupu ya rangi iliyofunikwa blanketi, hadi Mtanzania wa chumba cha pili akaniuliza kama nafuga bata. Pigo moja nililijua barabara, kwa mwendo ule ule wa video ile ile. Mtu hai akibadilisha mwendo, nilipotea kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Kwa hiyo Jumamosi nilirudi kwenye mguu.

Na mguu haukunitupa. Mwaka mzima na nusu nilipiga ngoma bila kosa, kwa sababu sikuwa napiga ngoma, nilikuwa nanakili. Mwaka 2010 dunia nzima ilikuja mjini kuangalia mpira, watu wote wa Malvern walikuwa wanapuliza vuvuzela, na Mestre alinitembeza kwa marafiki zake kama mtu aliyenunua gari. Aliwaambia babu yangu alipiga ngoma kwa mfalme. Sikuwahi kusema hivyo. Wala sikuwahi kusema sivyo. Babu yangu alikuwa anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, na kwa kadiri nijuavyo kitu pekee alichowahi kupiga ni punda. Lakini kila miezi mitatu alipandishwa cheo, na mwaka 2011 ulipoingia alikuwa mkuu wa wapigaji wote wa ikulu, na mimi ndiye mrithi.

 

Kisha kikatokea kisa cha kibuyu. Tulikuwa tunaacha vyombo vyetu ukumbini, nyuma ya mimbari, vimefunikwa kwa shuka. Jumapili moja mama wa usafi wa kanisa alifunua shuka ile. Alikuta kibuyu kilichofungwa kwenye upinde, kijiti, jiwe la kukandamizia waya, na kikapu kidogo kilichosukwa kikiwa na mbegu ndani. Ukimkuta Mkristo wa Kongo ya mashariki, ukamwonyesha vitu hivyo vinne nyuma ya mimbari, usimwambie ni muziki. Hata mimi Mwislamu ningeanza kusoma dua.

Mchungaji alimwita Mestre. Alikuwa mtu mtaratibu, mrefu, mwenye sauti ya kutangaza vifo. Alisema baadhi ya waumini wanaamini kuna pepo wanaokaribishwa pale Jumamosi. Mestre alijibu kwamba hapakaribishwi mtu yeyote isipokuwa vijana wasiooga. Bosi wangu, yule mama wa duka, ambaye alikuwa muumini wa kanisa lile lile na ndiye aliyezishona zile suruali, alilazimika kusimama na kututetea, jambo lililomuudhi sana. Alisema, "Mimi nimewapima wote viuno. Hakuna pepo pale, ni matako tu." Ikakubaliwa kwamba mchungaji na wazee waje Jumamosi moja mchana waone wenyewe. Wakiridhika, tutabaki. Wasiporidhika, tutoke siku ile ile.

Mestre alikuwa ameshafukuzwa kwingineko mara tatu. Bustanini walifukuzwa na wenye mbwa, gereji ilifungwa, na ukumbi wa shule ulipata mwalimu mkuu mpya. Alitukalisha chini akatueleza ratiba. Hakuongeza sauti. Mwishoni alisema, "Nikikosa hapa, nabaki mlinzi siku saba." Halafu akanitazama mimi. "Wanaogopa ngoma. Kwa hiyo ngoma iwe safi. Nimemwambia mchungaji anayepiga ni mtoto wa ikulu, si mganga."

Siku hiyo kulikuwa na viti vitatu mbele kwa ajili ya mchungaji na wazee wawili, na nyuma yao kina mama wapatao ishirini wenye vitambaa kichwani. Bosi wangu alikaa pembeni, begi mapajani, kama mtu aliyekuja kituo cha polisi kumchukua ndugu. Vijana walicheza kwanza, Mestre akiwa ameshika upinde, mguu ukigonga, nami nikiufuata. Ilikwenda vizuri. Mzee mmoja alianza kutikisa goti. Mchungaji alitabasamu mara moja, kwa bahati mbaya, akajirekebisha.

Ndipo Mestre akampa Mkenya ule upinde na kuingia mwenyewe katikati.

Hilo halikuwa kwenye ratiba. Alitaka wamwone, nadhani. Alitaka mchungaji aone kwamba mlinzi wa maegesho ana kitu. Kinyozi mmoja wa miaka ishirini aliingia kucheza naye, na Mkenya, aliyekaa bega kwa bega na mimi, alianza kupiga wimbo wa polepole kabisa, unaofaa mtu wa umri wa Mestre. Mguu wangu, naomba nieleweke, ule mguu niliouita wangu, sasa ulikuwa unatembea.

Ningeweza kumsikiliza Mkenya. Alikuwa sentimita thelathini kutoka sikio langu. Lakini kwa mwaka mmoja na nusu masikio yangu hayakuwa na kazi pale ndani, macho ndiyo yaliyofanya kila kitu, na macho yalimfuata Mestre. Mguu wa kulia ukishuka, nagonga. Mestre aliposikia ngoma imemtangulia kidogo, akafanya anachopaswa kufanya mtu anayeheshimu muziki. Akaongeza mwendo. Nami nikaona mguu umeongeza mwendo, nikafanya anachopaswa kufanya mwanafunzi mwaminifu. Nikaongeza. Akaongeza. Hivyo ndivyo tulivyopandishana, yeye akinitii mimi, mimi nikimtii yeye, na katika ukumbi mzima hapakuwa na mtu hata mmoja anayeongoza.

Mkenya alinipiga teke la kisigino. Nilidhani ni shangwe.

Kinyozi alikuwa amekodoa macho. Mestre alikuwa anazunguka kama pangaboi, tumbo likienda upande wake, jasho likiruka hadi kwenye suruali ya mchungaji. Wapiga makofi walishindwa kwenda nasi, kila mmoja akabaki na makofi yake. Kisha Mestre akasimama kwa mikono, miguu juu, na mguu wa kulia ukawa unacheza hewani bila kugonga chochote. Sikujua la kufanya. Nikapiga kila mahali. Nyuma ya viti mama mmoja akasimama, akainua mikono na kuanza kukemea kwa jina la Yesu, na wengine wakaitikia, na hapo nadhani Mestre alitaka kushuka ili amalize mambo. Alishukia mguu ule ule. Goti lilitoa sauti kama ya mtu anayevunja kijiti cha fagio. Akaenda chini na kukaa pale.

Nilisimamisha ngoma. Kina mama hawakuacha kukemea mpaka mchungaji alipoinua mkono.

Kijana mmoja aliteremka mbio kwenye spaza, kiduka cha mtaani pale chini, akarudi na pakiti ya kuku waliogandishwa, tukaifunga kwenye goti la Mestre kwa mkanda wa suruali. Alikuwa amelala chali akiangalia dari. Mchungaji alisimama juu yake na kuuliza kwa huzuni ya kweli, wala hakuwa mtu mbaya, ni roho gani ile iliyowakamata. Alisema ameona kwa macho yake jambo likianza polepole, kisha watu wakaacha kujitawala. Mestre pia alidhani kuna kitu kimetukamata. Aliamini ngoma yangu ilitoka ikulu, na kitu cha ikulu kinaweza kufanya lolote.

Wazee walianza kusimama. Niliona shuka ya vyombo ikikunjwa. Bosi wangu alikuwa anatazama begi lake.

Sijawahi kuwa jasiri, na sikuwa jasiri siku ile. Nilifanya hesabu tu, na kwa mara ya kwanza hesabu ilitoka upande mwingine. Nilisimama nikasema, "Mchungaji, hakuna roho. Ni mimi. Sijui kupiga ngoma."

Walinitazama wote. Nikaendelea kwa sababu kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi. Nilisema nilijifunza dukani kwa intaneti na kwenye ndoo. Nilisema nilikuwa nafuata mguu wa Mestre na Mestre anafuata ngoma, ndiyo maana tukakimbia. Nilisema dufu walinitoa baada ya Ijumaa mbili. Mwislamu nilikuwa naungama kanisani, na sijui nani kati yetu alishangaa zaidi.

Mchungaji hakunisadiki. Alisema mtu hawezi kukaa mwaka na nusu bila kujulikana. Akaniambia niweke ngoma chini, nipige makofi tu, na akawaashiria kina mama waimbe pambio moja, lile wanaloimba hata watoto wao wasiojua Kiswahili. Kina mama wakaimba. Nikapiga makofi. Nilijitahidi kuliko siku zote maishani mwangu. Kufika ubeti wa pili mama wa mstari wa mbele alikuwa ameshapotea, wa pili yake akacheka, wakaangukiana, na bosi wangu alijifunika uso na kusema kwa sauti iliyofika kila mahali, "Seigneur, Bwana wangu, hata makofi."

Mchungaji alisubiri watulie. "Shetani namjua," alisema. "Shetani ni mwanamuziki. Huyu hapana." Wakaendelea kucheka mpaka kwenye ngazi. Ukumbi haukuchukuliwa. Sharti pekee lilikuwa kibuyu kisikae tena nyuma ya mimbari.

Nilikwenda kupiga magoti karibu na Mestre. Alikuwa bado anaangalia dari.

"Babu yako?" akauliza.

"Aliuza ndagala, Mestre."

Akafumba macho. Kisha akauliza, "Ulikuwa unafuata mguu upi?"

"Wa kulia."

"Huu?" Alionyesha pakiti ya kuku.

"Ndiyo, Mestre."

Hakuniambia neno kwa wiki tano. Watu hupenda kufikiri kwamba mwalimu mkubwa hujua kila kitu tangu mwanzo na hunyamaza kwa hekima. Wangu hakujua chochote. Aliniamini kama mtoto, alijisifu nami mji mzima, na aliona aibu. Kila rafiki aliyemwambia habari za ikulu alikuja kumsalimia akiwa na bandeji, na kila mmoja alimuuliza mfalme anaendeleaje.

Goti halikurudi lilivyokuwa. Mkenya alikwenda kugombana na wasimamizi wa jengo kule Sandton mpaka Mestre akapewa kiti pale kwenye kizuizi. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba mtu aliyezungusha mguu juu ya meza ya pasi sasa anafungua kizuizi akiwa amekaa. Nilimshonea suruali nyingine nyeupe, mguu wa kulia mpana zaidi ili bandeji iingie. Nilipomaliza niliona mshono wa ndani umepinda. Mikono ilikuwa imeshashika wembe wa kufumulia. Niliuweka chini, nikampelekea hivyo hivyo.

Aliigeuza, akaikagua, akaupata mshono. Mama wa duka alikuwa amemfundisha kukagua. "Hii imepinda," alisema.

"Ndiyo, Mestre."

"Sharp," akasema, kama watu wa mji huu wanavyosema sawa, na kuivaa. Kisha akasema nije Jumamosi, na nisiguse ngoma.

Miezi minane nilisimama kwenye duara na kupiga makofi. Hiyo tu. Mkenya alisimama kando yangu na kunikanyaga kila pigo, na alikuwa mwanamke mzito mwenye hasira ya kazi. Watoto wa kina mama wa kanisa, wale waliozaliwa hapa na kujibu kila kitu kwa Kizulu, walianza kuja kucheza, kwa sababu baada ya siku ile kina mama walituona kama sinema ya bure. Watoto hao walinirekebisha bila huruma. Mmoja alikuwa na miaka sita. Nilikosea mbele yao kila wiki na hakuna aliyekufa, jambo ambalo lilinishangaza kila wiki upya.

Mwaka 2012 Mestre alinirudisha kwenye ngoma. Yeye sasa alikuwa anapiga upinde akiwa amekaa. Kabla ya kuanza aliomba boksi la ndizi kutoka dukani chini, akaliweka mbele yake na kuingiza miguu yote miwili ndani. Aliangalia kama naona hata kidole. Sikuona. "Haya, mtoto wa ikulu," akasema. "Sasa sikiliza."

Nilikosea siku ile, na Jumamosi iliyofuata, na nyingi baada ya hizo, nikiwa na boksi la ndizi mbele yangu lililoandikwa jina la shamba nisilolijua. Nilijifunza kwanza kusikia pale waya unaponyamaza. Baadaye nikasikia jiwe linapogusa waya. Mapigo yenyewe yalikuja mwisho.

Watu bado huniuliza kama Mrundi anajua ngoma. Nawajibu kwamba wapo wanaojua, na mimi najua moja, niliyofundishwa na Mkongomani, Doornfontein, nikiwa mtu mzima. Boksi lile tulilitupa mwaka 2014.